Kosa la Kukimbia Bila Tukio

Ilikuwepo nchi moja, na kama haikuwepo basi iliamriwa iwepo, maana kule mambo mengi yalikuwepo kwa amri. Jina lake msiniulize. Jana nilitajiwa moja, leo asubuhi nikasikia limerekebishwa tangu zamani.

Kazi ya kurekebisha zamani ilikuwa na wizara yake kabisa, Wizara ya Mambo Yaliyopita, na waziri wake aliitwa Mheshimiwa Dakta Gervas Tondo. Huo udaktari aliupata juzijuzi, ila kwa mamlaka aliyokuwa nayo akaupata tangu akiwa darasa la pili. Chini ya uongozi wake mambo ya kale yalipiga hatua kubwa. Njaa ya zamani ilipunguzwa kwanza, kisha ikaondolewa. Vita vya mpakani vilifutwa pamoja na mpaka wenyewe, na wanawake wote walioitwa Mwanvita waliruhusiwa kubaki na jina hilo, kwa sharti kwamba wakiulizwa waseme wamerithi kwa bibi.

Lakini historia mpya itafaa nini kama watu hawajaambiwa? Wananchi wa nchi ile waliambiwa kila asubuhi, kwa sauti ya mtu mmoja, Fikirini Lwambo. Kipindi chake kiliitwa Chai na Magazeti. Tangu watu wanapopiga mswaki mpaka wanapofunga milango kwenda kazini, Fikirini alikuwa hewani na mwenzake Tausi, wanapitia magazeti, wanachambua, wanataniana, wanapokea simu za wasikilizaji. Walisoma vichwa vya habari tu. Kusoma habari yenyewe kulipigwa marufuku, na serikali ilieleza kwa upole kwamba habari nzima ni chakula kizito, haifai kwa tumbo la asubuhi. Basi nchi nzima ikaishi kwa vichwa. Mtu akiulizwa kulikoni, anakutajia kichwa, anainua mabega, anaendelea na safari yake.

Fikirini alikuwa fundi wa vichwa. Angeweza kusoma SERIKALI YAFIKIRIA KUFIKIRI, akakizungusha kichwa hicho nusu saa nzima, akakipaka sukari, akakipa mifano, na mwisho akakicheka. Ah, kicheko chake. Kilianzia kooni pole pole, kikateremka tumboni, kikatoka kwa mkupuo mpaka msikilizaji aliyeko jikoni na sufuria ya uji mkononi anajikuta anacheka naye, hajui wanacheka nini. Watu walikipenda kicheko kile. Waziri Tondo alikipenda zaidi ya wote, kwa sababu historia ikishachekewa na Fikirini hakuna tena wa kuibishia.

Kisha kulikuwa na kipengele cha mwisho, Leo Katika Historia, na hapo ndipo Fikirini alipojengea nyumba. Simu ilitoka wizarani alfajiri, anaambiwa leo zamani kulitokea nini na hakukutokea nini, naye anakwenda kusema. Mwaka ule Kiongozi Msikivu, mkuu wa nchi, alipotaka kujenga Bwawa la Shukrani juu ya mto Lumbi, wahandisi wawili watatu walinung'unika kwamba mto ule una tabia mbaya, uliwahi kufurika ukaua watu. Waziri aliwasikiliza kwa makini, akawashukuru, akayafuta yale mafuriko. Asubuhi iliyofuata Fikirini alitangaza kwamba mto Lumbi haujawahi kuvuka kingo zake tangu kuumbwa. Alicheka kidogo, akaongeza kwamba ni mto wenye adabu kuliko baadhi ya wakwe. Kesho yake alipewa funguo za nyumba kwenye mtaa wa wakubwa, yenye bustani na mlinzi.

Sasa niwaambie jambo ambalo Fikirini hakumwambia mtu, hata mkewe. Mafuriko yale aliyafahamu. Alikuwa mtoto wa miaka minne, mamaye ameshafariki, analelewa na shangazi yake Mwanvita katika kijiji cha Mkwese, kando ya mto huohuo. Maji yalipokuja usiku, shangazi alimfunga mgongoni kwa kanga, akapanda naye kilima cha Ng'ongo akishika nyasi kwa mikono, na huku nyuma mumewe aliyerudi kufungua mbuzi hakuonekana tena. Fikirini alikumbuka harufu ya kanga ile ilivyolowa. Alikumbuka shangazi akipumua. Na siku ile aliyotangaza kwamba hayo hayakutokea, alipofika nyumbani alikaa ndani ya gari, mlinzi ameshafungua geti, honi za nyuma zinalia, yeye hawezi kuliingiza. Aibu ilimkaa kifuani. Ila aibu nayo huzoeleka, na nyumba ilikuwa nzuri.

Shangazi Mwanvita alimsikia siku ile kama watu wote. Alipompigia simu hakuligusa jambo lenyewe. Alimuuliza tu kama anakula vizuri.

Mvua za mwaka ninaousimulia zilikuwa kubwa. Bwawa la Shukrani, ambalo lilikuwa limezinduliwa mara tatu kwa utepe mpya kila mara, lilijaa likaanza kutoa machozi ubavuni. Magazeti ya asubuhi ile yaliandika BWAWA LAJAWA NA FURAHA, na mengine BWAWA LATOA MACHOZI YA SHUKRANI KWA KIONGOZI. Fikirini alivisoma vyote viwili, akavichambua, Tausi akachombeza, wakafungua simu.

"Tunaye msikilizaji kutoka Mkwese," Tausi alisema. "Karibu mama, jitambulishe."

"Ni mimi, Mwanvita. Shangazi yake huyo mwenzio."

Tausi alichangamka. "Haya, leo tumepata wazazi studioni. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Fikirini yupo?"

"Nipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba baba. Nisamehe kukupigia kazini, simu yako ya nyumbani haipokelewi. Baba, maji yameingia kwenye mtama tangu alfajiri. Yana rangi ile."

Fikirini alijua rangi ile. Alisogeza kikombe cha chai, akakirudisha palepale.

"Watu wameshafungasha," shangazi aliendelea, bila haraka, kama mtu anayeagiza chumvi. "Mbuzi wamefunguliwa, watoto wamevalishwa. Ila hawapandi kilimani. Wanaogopa kesi."

Kesi yenyewe wasikilizaji wote waliijua. Miaka michache nyuma, watu wa kijiji kingine walisikia mto unanguruma, wakabeba vitu wakahama. Maji kwa bahati mbaya yakaishia njiani. Walishitakiwa wote, wazee kwa watoto, kwa kosa la kukimbia bila tukio, ambalo katika nchi ile lilikuwa zito kuliko wizi, kwa sababu mwizi humwibia mtu mmoja lakini mkimbiaji huiaibisha serikali nzima. Walifungwa. Wakili wao alijaribu kusema kwamba maji yaliwahi kuwafika siku za nyuma, hakimu akamuuliza siku zipi hizo, maana mahakama imetazama nyuma haikuziona.

"Kwa hiyo tumekaa kikao," shangazi alisema. "Mwenyekiti anasema, ikiwa jambo lilishawahi kutokea, basi linaweza kutokea tena, na mtu akilikimbia hana kosa. Tunachotaka ni neno moja tu, baba. Utuambie tu yale maji yalikuwepo. Useme hewani. Redio zote hapa zimewashwa, wanakusubiri wewe. Ukisema, tunapanda sasa hivi."

Tausi aliinamia magazeti yake ghafla, akayapanga ambayo yalikuwa yameshapangwa. Mezani taa ndogo ya simu ya wizarani ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Fikirini aliinua simu hiyo, akaiweka sikioni.

"Lwambo," sauti ya Waziri Tondo ilisema. Alikuwa bafuni, maji ya kuogea yanasikika yakichuruzika. "Nakusikiliza hapa na povu machoni. Ndugu yangu, taifa ni nini? Taifa ni watu waliokubaliana kuhusu jana. Ukiruhusu kijiji kimoja kiwe na jana yake, kesho kila kijiji kitadai ya kwake, halafu tutabaki na nini, wewe na mimi? Tena hata ile nyumba unayokaa ilijengwa juu ya jana hiyohiyo. Mchekee kidogo huyo mama, mambo yaishe."

Simu ikakatwa. Shangazi alikuwa bado kwenye laini, anasikika akimwambia mtu wa pembeni angoje kidogo, Fikirini anajibu sasa hivi.

Neno lilikuwa pale mdomoni. Nawaambia lilikuwa pale, alilisikia kwenye ulimi wake. Aliufungua mdomo ili alitoe, na kilichotoka ni kicheko. Kilianzia kooni, kikateremka tumboni, kikatoka kwa mkupuo.

"Shangazi yangu jamani," alisema, "kwa uji wa mtama hajambo, kwa historia hapana. Ndugu wasikilizaji, mto Lumbi ni mto wa adabu. Hayo maji shangazi umeyaota."

Alisubiri shangazi amtukane. Alitamani amtukane. Angemtukana, nchi nzima ingesikia, na watu wa Mkwese wangejua nani wa kumwamini.

Lakini shangazi alinyamaza kitambo, na katika kunyamaza kule, Fikirini alisikia kwamba amemwelewa. Alikuwa ameshajua kuna mtu amesimama nyuma ya mtoto wake, na mtoto ameogopa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mzaha, sauti ya mtu anayemfunika mwenzake shuka.

"Anasema kweli, ndugu wasikilizaji. Mnisamehe, ni uzee. Nimechanganya na ndoto. Mwacheni kijana wangu afanye kazi yake, hana kosa." Kisha chini kidogo, "Ule, baba. Usiache kula."

Simu zilizofuata zote zilikuwa za kusifu. Mmoja alisema hajacheka vile tangu mwaka uanze. Tausi alitoka nje mara tu muziki ulipowekwa, na siku ile hakurudi studioni. Kitu kilichomuumiza Fikirini kuliko vyote ni kwamba moyoni, chini kabisa, alikuwa amemshukuru shangazi kwa kumwokoa. Amemshukuru kwa hilo. Alitaka ardhi ipasuke.

Watu wa Mkwese walifungua mizigo. Bwawa la Shukrani lilipasuka mchana, wakiwa mezani.

Kesho yake magazeti yalikuwa na vichwa vizuri sana. MTO LUMBI WATEMBELEA WANANCHI. MKWESE YAPATA UFUKWE. KIONGOZI: MAJI NI UHAI. Fikirini alivisoma vyote kwa mpangilio. Alijaribu kumpigia shangazi, simu ikawa inaita hewa. Alipouliza wizarani kama kuna walionusurika, aliambiwa kunusurika ni lugha ya uchochezi, maana mtu hunusurika na kitu fulani.

Baada ya siku mbili Waziri Tondo alibuni jambo. Kwa kuwa wachache wenye nia mbaya walikuwa wananong'ona, Chai na Magazeti itarushwa moja kwa moja kutoka Mkwese, ili taifa lisikie kwa masikio yake ukavu wa mahali pale. Msafara uliondoka gizani, waziri akiwa na buti za mpira zilizong'arishwa kwa sherehe. Barabara ilipoisha kwenye maji, walishuka kwenye gari wakapanda kitu ambacho afisa itifaki alikitaja kuwa gari dogo, kikapigwa makasia muda mrefu juu ya mahali palipokuwa shule, zahanati na mashamba ya mtama. Waziri alitazama mbele kwa utulivu. Ubao wa jina la kijiji ulipopita chini yao, aliomba radhi akajipangusa miwani.

Mkwese ilikuwa imebaki kilima cha Ng'ongo tu. Watu waliokuwa juu walimtambua Fikirini kabla hajashuka, wakaja kumpokea. Walimpokea kweli. Walimpa mkono, wakamwita mwanetu, wakampa kiti pekee kilichookolewa. Shangazi Mwanvita alikuwa miongoni mwao, mguu umefungwa kitambaa, akamshika uso kwa viganja viwili akamtazama.

"Umekonda," alisema.

Fikirini aliyakwepa macho yake, akatazama waliomzunguka. Kilichomtisha ni nyuso za watu. Nyuma yao, chini ya turubai, walilala waliokufa, wamepangwa vizuri, wamefunikwa mikeka na kanga, wakubwa na wadogo. Wadogo walikuwa wengi. Na hakuna mtu aliyekuwa analia. Hakuna jicho hata moja jekundu. Walikaa kimya kuizunguka redio ndogo ya betri, kama watu kwenye foleni ya zahanati.

Mwanamke mmoja alimsogelea. Aliitwa Zaituni, mke wa Kalokola fundi baiskeli. "Kalokola alikupenda sana," alimwambia kwa heshima. "Siku ile alikuwa ameshafunga mzigo, mtoto amembeba begani. Ulipocheka akacheka na yeye. Akaniambia, fungua, Fikirini amesema. Wapo pale wa tatu na wa nne."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama anampa salamu alizoachiwa na mumewe.

"Mbona hamjawazika?" aliuliza.

Walitazamana. Ni shangazi aliyemjibu, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. "Hawajatangazwa, baba. Tunasikiliza matangazo ya vifo kila siku, jioni na asubuhi, hawajatajwa. Na wewe unajua, asiyetangazwa hajafa, na ukimlilia unakuwa umezusha msiba. Watu wameshapata hasara, hawataki na kesi juu yake." Aliangalia turubai, akageuka. "Tumejizuia. Watoto ndio wanasumbua kidogo, tunawaziba midomo. Sasa umekuja mwenyewe. Tangaza, mwanangu, tuanze kulia."

Waziri Tondo alikuwa ameshaanza hotuba upande wa pili wa kilima, kwa wapiga picha. "Ndugu wananchi wa mwambao huu mpya," alikuwa akisema, "ustahimilivu wenu unaonekana usoni. Nimetazama, sikuona chozi. Hii inathibitisha yale ambayo wizara yangu imekuwa ikisema." Akamwashiria Fikirini kwa kidole kwamba muda umefika. Taa ya kinasa sauti iliwaka.

Fikirini alisimama. Safari hii mdomo haukumsaliti. Hakucheka. Aliwaambia wasikilizaji kwamba yuko Mkwese na Mkwese imezama. Alisema mto huu ulifurika yeye akiwa mtoto, ukamuua mume wa shangazi yake, na shangazi yake alisema kweli na yeye alisema uongo, na uongo ule ndio umewalaza watu hawa hapa. Kisha akaanza majina, Zaituni akimnong'oneza, shangazi akimnong'oneza. Kalokola fundi baiskeli. Mwanawe. Mwenyekiti wa kijiji. Machozi yalikuwa yanamtoka, sauti inakatika, anaendelea. Waziri alikuwa amesimama mdomo wazi, miwani mkononi.

Ila kule mjini fundi mitambo, mtu mwenye familia yake, alisikia sentensi ya kwanza tu akaweka muziki. Kilimani, katikati ya watu, redio ndogo ya betri ilikuwa inapiga wimbo wa harusi.

Watu walimtazama Fikirini anayetaja wafu wao mbele ya macho yao. Wakaitazama redio. Wakamtazama tena Fikirini, kwa huruma kidogo, wakarudi kwenye redio, wakaendelea kusubiri. Alipaza sauti. Aliyataja majina upya kutoka mwanzo, akapiga kelele mpaka koo likawaka. Hakuna aliyeanza kulia. Walikuwa wamemwamini miaka yote akiwa ndani ya kile kisanduku, na sasa kisanduku kilikuwa kinasema kingine.

Shangazi Mwanvita aliona haya kwa niaba yake. Ilionekana usoni. Aliinama kwa shida, kwa ule mguu mbovu, akanyoosha mkono akaizima redio. Akabaki ameinama hivyohivyo, mkono juu yake, kisha akatoa sauti ambayo Fikirini hakuwahi kuisikia kwake, hata usiku ule wa zamani. Zaituni akaipokea. Halafu wote, kilima kizima, siku tatu za kujizuia zikatoka kwa mara moja, hata watoto wakaachiwa midomo.

"Nani ameidhinisha hiki?" Waziri Tondo aliuliza, anageuka huku na huku. "Nauliza, nani ameidhinisha?"

Hakuna aliyemsikia. Hakuna aliyemtazama Fikirini pia, aliyekuwa bado ameshika kinasa sauti chake, hajui akiweke wapi. Alitaka kwenda kwa shangazi akashindwa, miguu haikujua njia ya kupita katikati ya watu wale. Wanaume walikuwa wameshaanza kuchukua majembe. Mmoja wao, aliyempa mkono muda mfupi uliopita akimwita mwanetu, alifika mbele yake, akangoja, akamgusa bega kwa ncha ya vidole.

"Ndugu," alisema, "sogea kidogo. Hapo uliposimama tunataka kuchimba."